Karafuu kwenye chakula cha kuku: Je, inaua bakteria kweli?

Kuku wakianza kuhara, wafugaji wengi hukimbilia duka la dawa za mifugo. Antibiotiki inachanganywa kwenye maji, baada ya siku mbili tatu kuku wanachangamka, maisha yanaendelea.

Shida ni kwamba dawa ikitumika ovyo, bakteria wanaobaki hai ni wale walioishinda. Huo ndio usugu, na hauishii bandani. Mwaka 2019 pekee, watu takriban milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kutokana na maambukizi ya bakteria sugu.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 1, 2006. Tangu hapo msako wa mbadala umezidi kupamba moto, na baadhi ya majibu yanatoka kwenye viungo vya pilau.

Kwa nini utumbo?

Salmonela wanaweza kuishi kwenye utumbo wa kuku bila yeye kuumwa. Anakula vizuri, anaonekana mzima kabisa. Lakini wakati wa kuchinja, utumbo ukipasuka au kinyesi kikigusa nyama, bakteria wanahama. Wanaweza pia kuingia ndani ya yai.

Mlaji akila nyama au yai lisiloiva vizuri, anaishia kuhara, homa na maumivu ya tumbo. Kwa hiyo bakteria wakipungua tumboni mwa kuku, sahani yako inakuwa salama zaidi.

Karafuu inafanyaje kazi?

Harufu kali ya karafuu, zikiwemo hizi zetu za Pemba na Unguja, inatokana na eujeno. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Mdalasini nao una sinamaldehaidi.

Kemikali hizi hupenya kwenye utando unaomzunguka bakteria na kuuharibu. Vilivyomo ndani vinavuja, bakteria anadhoofika au anakufa.

Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la kuchanganya kemikali hizo kwenye chakula cha vifaranga walioambukizwa salmonela kwa makusudi. Zote mbili zilipunguza salmonela tumboni.

Lakini kulikuwa na bei ya kulipa. Vifaranga waliokula eujeno walikuwa na uzito mdogo. Waliokula kemikali ya mdalasini hawakupata tatizo hilo. Kwa anayefuga kuku wa nyama, uzito ndiyo pesa yenyewe.

Basi nisage karafuu nichanganye?

Usikimbilie, kwa sababu hizi tatu:

• Kipimo. Watafiti walitumia kemikali iliyopimwa, sio unga wa kukadiria kwa kiganja. Kiasi cha eujeno hutofautiana kati ya karafuu na karafuu.

• Safari ndefu. Salmonela hujificha sana kwenye vifuko vilivyo karibu na mwisho wa utumbo. Sehemu kubwa ya mafuta haya hufyonzwa kabla ya kufika huko. Ndiyo maana baadhi ya viwanda huyafunika kwa tabaka la mafuta magumu yanayoyeyuka polepole.

• Sio dawa ya kila kitu. Kideri husababishwa na virusi. Karafuu haitakiponya, na antibiotiki pia haitakiponya. Kinga yake ni chanjo.

Ufanye nini sasa?

Safisha vyombo vya maji kila siku, badilisha maranda yaliyolowa na fuata ratiba ya chanjo. Kuku wakiumwa, muulize daktari wa mifugo kabla ya kununua dawa. Ukishawapa antibiotiki, usiuze mayai wala nyama kabla ya siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye dawa kuisha.

Na wewe unayenunua kuku sokoni: nawa mikono baada ya kushika nyama mbichi na pika mpaka iive hadi kwenye mfupa.

Viungo vinaweza kupunguza bakteria, lakini haviwezi kufanya kazi ya usafi wa banda.