Kiziba kidogo katika parseli: namna ya kukijenga bila maji kupotea

Kuchimba shimo si kazi. Kazi ni kufanya maji ibaki ndani. Hapa Goma parseli nyingi zimekaa juu ya lava ya Nyiragongo, na mawe yake iko na matundu: unamimina asubuhi, jioni shimo ni kavu. Kule Walungu ao Kabare, penye udongo mzito, maji inaweza kubaki hivi hivi. Goma, hapana.

Wengi wanakimbilia sima. Lakini udongo wetu unatetemeka. Matetemeko ya Mei 2021 yalipasua nyumba, sembuse ukuta mwembamba wa kiziba. Tena sima mpya inatoa chokaa yenye kuua samaki, mpaka ujaze na kumwaga maji mara kadhaa. Kwa kiziba kidogo, bashi njo nzuri zaidi.

Tuchukue shimo la mita 2 kwa mita 1 na nusu, kina sentimita 50. Kupata bashi ya kutosha, chukua urefu wa shimo, ongeza kina mara mbili, kisha sentimita 60 za kukunja kwenye kingo. Fanya vile vile kwa upana. Inakuja mita 3,60 kwa 3,10, kwa hiyo bashi ya mita 4 kwa 5 inatosha na kipande kinabaki. Mbele ya kuitandaza, ondoa mawe yenye kukata, weka mchanga ao magunia ya zamani. Jiwe moja tu la lava linaharibisha kazi yote. Kingo zipimwe na ile tiyo yenye kuonyesha maji ndani, kama mafundi wanavyofanya. Upande mmoja ukishuka, maji itatokea pale pale.

Kujaza ni karibu lita 1500, ni kusema bidoni 75 za lita 20. Nani atazibeba? Watoto, tunajua. Afadhali kungoja mvua: paa la mita za mraba 30, mvua ikinyesha milimita 20, linaleta lita 600. Mvua tatu za namna ile, kiziba kimejaa.

Unataka maji iruke na umeme hakuna? Weka pipa juu, tiyo nyembamba itoke chini yake. Maji haitaruka kupita kimo cha maji ya ndani ya pipa, na pipa likipungua, nayo inashuka.

Sasa mbu. Kutoka yai hadi mbu mwenye kuruka inaweza kuchukua siku 7 hadi 10 tu. Tilapia wadogo wanakula mabuu yake. Bila samaki, mwaga maji kila wiki, ao acha kujenga. Uzio nao usimame mbele maji haijaingia, kwani mtoto mdogo anazama hata kwenye maji ya magoti.

Wenye parseli kwenye milima ya Bukavu, msichimbe. Maji yenye kupenya katika mteremko inalegeza udongo, na nyumba ya jirani iko pale chini.