Kuipima Sauti Ichomayo

Watu wengi wamepata kuona jinsi lenzi ikusanyavyo miali ya jua mpaka karatasi ikaungua. Sauti nayo yaweza kukusanywa vivyo hivyo. Mawimbi yenye mitetemo 1,000,000 hivi kwa sekunde, ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia, hupita katika ngozi pasipo kuichana, kisha hukutana mahali padogo kama punje ya mchele. Hapo joto likifika nyuzi 56 za Selsiasi, hata kwa sekunde moja, seli hufa. Mitambo ya namna hii iliidhinishwa nchini Marekani kutibu uvimbe wa mji wa mimba mwaka 2004, na ugonjwa wa kutetemeka mikono mwaka 2016.

Mahali hapo pakikosewa kwa milimita chache, kitakachoungua ni neva au utumbo usio na ugonjwa. Ndiyo maana mtambo hauna budi kupimwa kabla ya kuelekezwa kwa mgonjwa.

Kipimo cha kwanza hufanywa majini. Hidrofoni, chombo kidogo kigeuzacho kanieneo ya mawimbi kuwa umeme, husogezwa hatua kwa hatua hata umbo la uga wa sauti likachorwa. Lakini maji si nyama. Maji hayamezi sauti ila kidogo mno, na tishu laini hupunguza nguvu yake kwa nusu katika sentimita 6 hivi. Isitoshe, nguvu ya tiba yaweza kuiharibu hidrofoni. Basi hupimwa nguvu ndogo, na kubwa hukadiriwa. Nako kukadiria si kuzidisha tu, kwani mawimbi makali hubadilika umbo yasafiripo.

Kwa sababu hiyo hutengenezwa jeli iliyo mfano wa tishu. Jeli angavu iliyochanganywa na ute wa yai hugeuka nyeupe palipoungua, kama yai lichemshwapo, na doa hilo huweza kupimwa kwa rula. Themokapo nayo huchomekwa ndani kupima joto, ingawa waya wake husuguana na mawimbi ukaonyesha nyuzi zaidi ya zilizopo.

Hakuna kipimo kimoja kitoshacho, kwa kuwa kila kimoja kina upungufu wake. Vipimo hivyo vitatu vikiafikiana, ndipo daktari awezapo kujua moto wake utawaka wapi.