Istilahi ya Mtu Apendaye Wanaume na Wanawake

Mfasiri wa fasihi ya kigeni hukutana mara kwa mara na mhusika wa mji mdogo anayesimulia mapenzi yake ya kwanza, naye, au huyo ampendaye, ni mtu awezaye kuwapenda wanaume na wanawake pia. Je, dhana hiyo tuipe istilahi gani? Tutachukua mfano wa riwaya ya The Color Purple, iliyoandikwa na Mmarekani Mweusi Alice Walker na kutolewa mwaka 1982.

Celie, mwanamke wa mashambani katika jimbo la Georgia, ameozwa mume asiyempenda. Anayemgusa moyo kwanza ni mwimbaji Shug Avery. Shug aliwahi kupendana na mume huyohuyo. Anampenda Celie kwa dhati, na baadaye anavutwa na kijana wa kiume. Anapougua, mhubiri anamsema kanisani bila kumtaja jina, na kila mtu anaelewa. Tumwiteje Shug?

Huntha halifai, kwa kuwa lahusu maumbile ya mwili. Kadhalika mwenye jinsia mbili lafaa zaidi kwa ua lenye viungo vya kiume na vya kike. Mpenzi wa jinsia mbili lina utata: laweza kueleweka kuwa ni mpenzi aliye na jinsia mbili. Msagaji lina lawama ndani yake, tena lawafuta wanaume aliowapenda. Tunapendekeza mpenda jinsia mbili, kwa kuwa kitenzi penda chaelekeza kwenye moyo, wala hakisifu wala hakilaumu.

Jambo la pili ni sarufi. Kiambishi -m- katika nilimpenda hakionyeshi jinsia. Kiwakilishi cha Kiingereza hutoboa siri ambayo Kiswahili huisitiri. Katika mji wenye macho mengi, sitara hiyo ni haki ya msimulizi. Mfasiri asiitoboe kabla yake. Lakini msimulizi akiisha kuamua kusema, mfasiri naye aseme wazi, kwa mfano binti yule au kijana yule wa kiume.

Jambo la tatu ni kinywa cha msemaji. Matusi ya majirani yafasiriwe kuwa matusi, kwa kuwa ndiyo sauti ya mji. Yasihamishiwe kwa mtu anayejieleza mwenyewe. Kosa hili halidhuru riwaya tu. Shahidi akisema mahakamani kwamba huwapenda wanaume na wanawake, na mkalimani akalitumia neno la kashfa, shahidi huyo amekwisha kuhukumiwa kabla hakimu hajasema lolote. Vivyo hivyo kwa mwanafunzi ambaye mwalimu wake hana neno jingine ila lile la barazani.

Wasomaji wenye istilahi iliyo bora kuliko hii tunawaomba waitoe, pamoja na mifano ya matumizi yake.