Shahada ya kemia si leseni ya kufungua kemisti

MJINI Kakamega, na kwa hakika kote nchini Kenya, duka la dawa huitwa "kemisti". Jina hilo limewaponza wazazi wengi. Mtoto anapoitwa chuo kikuu kusomea kemia, jamaa na majirani huja kumpongeza na kuanza kumhesabia siku za kufungua duka lake karibu na steji ya matatu.

Miaka minne baadaye, ng'ombe wameuzwa na mkopo umeiva, ndipo inapobainika kwamba kazi ya dawa ni ya waliosomea famasia na kusajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Shahada ya kemia, hata iwe ya daraja la kwanza, haitoi kibali hicho.

Kuna mkanganyiko wa pili, nao ni wa ualimu. Mwenye shahada ya sayansi katika kemia hawezi kusajiliwa na TSC kuwa mwalimu wa sekondari hadi aongeze stashahada ya uzamili katika elimu, na awe na masomo mawili ya kufundisha. Anayetaka darasa tangu mwanzo afadhali achague shahada ya elimu katika sayansi. Kozi hizi mbili huorodheshwa kando na KUCCPS, shirika linalowagawia wanafunzi nafasi vyuoni, lakini majina hukaribiana na kijana mwenye haraka huyachanganya.

Basi mwanakemia ni wa kazi gani? Wakazi wa Kakamega hawana haja ya kwenda mbali kutafuta jibu. Kila kiwanda cha sukari, kuanzia Mumias hadi Kabras na Butali, sharti kiwe na maabara ya kupima utamu wa maji ya miwa na usafi wa sukari. Maji ya mfereji hupimwa. Sabuni, rangi, mbolea na unga hupimwa pia.

Tuangalie dhahabu. Tangu enzi za mgodi wa Rosterman katika miaka ya 1930, watu wa huku wamechimba, na leo wachimbaji wadogo wa Ikolomani huchanganya mawe yaliyosagwa na zebaki ili inase dhahabu, kisha huichoma. Moshi wake ni sumu kwa anayechoma na kwa mtoto aliye karibu. Ni nani atakayeyapima maji ya kijito na kuwaambia akina mama kama yanafaa kunywewa? Ni mwanakemia, mradi awe alifunzwa kuitumia mashine ya kupimia, wala si kuichora tu daftarini.

Au tuingie msituni. Kikundi cha wakulima cha Muliru, kando ya Msitu wa Kakamega, hukuza mmea wa jamii ya kivumbasi na kuukamua mafuta kwa mvuke. Mafuta hayo yana kafuri, na kwa ushirikiano na kituo cha utafiti cha ICIPE yakageuzwa kuwa dawa ya kujichua iitwayo Naturub. Hiyo ni kemia tupu, na imewapa wanakijiji riziki bila kukata mti.

Lakini tusidanganyane: viwanda huanguka. Kile cha karatasi cha Webuye kilifungwa mwaka wa 2009, na Mumias, iliyoanza miaka ya 1970, ikawekwa chini ya meneja mrasimu mwaka wa 2019. Kijana aliyefunzwa kazi ya kiwanda kimoja tu huanguka nacho. Aliyeshika vifaa vya aina nyingi huhamia kwingine.

Hapa ndipo penye kipimo cha kozi yenyewe. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilichoko mjini humu kilizaliwa katika chuo cha WECO cha miaka ya 1970, kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2002, na kufikia 2007 kikajisimamia. Wapo wazazi wanaokipuuza kwa kuwa ni kichanga, wakimwania mtoto nafasi Nairobi kwa ajili ya jina tu. Kwa maoni yangu jina si hoja. Kemia husomwa kwa mikono, na chuo chochote, kikongwe au kichanga, hukaguliwa maabarani.

Uliza wanafunzi wa mwaka wa pili, si afisa wa usajili. Wangapi hutumia bureti moja? Wakiwa sita, mmoja hupima na watano hunakili, na mazoea ya kupika matokeo huanzia hapo. Vipindi vya maabara ni vingapi kwa wiki, na je, huahirishwa kwa kukosa kemikali? Ile mizani ya umeme na zile mashine kubwa zinafanya kazi, au zimefunikwa kitambaa zikisubiri fundi? Aidha, uliza kama kuna wataalamu wa kutosha wa maabara, maana profesa peke yake hawezi kuwachunga wanafunzi mia moja wenye asidi mikononi.

Uliza pia kuhusu mafunzo ya viwandani. Je, chuo humtafutia mwanafunzi nafasi, au humpa barua tu akahangaike mwenyewe? Je, mhadhiri huenda kumkagua huko? Na kemikali za mradi wa mwaka wa mwisho hulipiwa na nani? Gharama hiyo haimo katika hesabu za wazazi wengi, nayo huja wakati mfuko umekauka.

KUCCPS hufungua muda wa kubadilisha chaguo baada ya matokeo ya KCSE kutangazwa, na muda huo huwa mfupi. Anayetaka kujionea afike muhula ukiendelea, siku ya kazi, alasiri. Chuo kiko kando ya barabara ya kwenda Webuye, na mlango wa maabara yenye wanafunzi hujulikana kwa harufu.