NANI AMELETA WARAKA HUU?

Makatibu wa vyama wamezoea kudai saini kabla mzigo haujapokelewa ghalani. Waraka uletwao kwa mtandao hauna mkono wa kutia saini, na ghala la nyaraka halina budi kumtambua mletaji kwa njia nyingine.

Itifaki ya SWORD ilibuniwa Uingereza mwaka 2007 ili programu moja iweze kuweka nyaraka katika maghala ya namna mbalimbali, kama DSpace na EPrints. Imejengwa juu ya kanuni za AtomPub za mwaka huo huo, ambazo zinataka kwamba, kwa uchache, pande zote mbili ziweze kutumia jina na neno la siri yakipitishwa katika njia iliyofumbwa ya TLS.

Sharti la TLS si pambo. Katika utaratibu huo, uitwao Basic, jina na neno la siri huandikwa upya kwa herufi za Base64 tu. Ni barua iliyokunjwa bila kutiwa katika bahasha. Yeyote aipataye njiani ataikunjua. Tena husafirishwa kwa kila ombi, wala si mara moja.

Badala ya neno la siri yaweza kutumika tokeni, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu utolewao na ghala lenyewe. Faida yake huonekana siku karani anapoacha kazi: tokeni yake hufutwa, na wengine hawasumbuliwi. Dataverse, programu ya maghala ya takwimu iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Harvard, hupokea tokeni mahali pa jina na kuacha mahali pa neno la siri patupu. OAuth 2.0 ya mwaka 2012 huiwekea tokeni muda na mipaka ya kazi. Hata hivyo, anayeiokota huitumia kama mwenyewe, TLS haiepukiki.

Jambo linalovigusa vyama zaidi ni kuweka kwa niaba ya mwingine. Katika toleo la pili la SWORD, karani hujitambulisha kwa jina lake mwenyewe, kisha humtaja mwenye waraka katika kichwa cha ombi kiitwacho On-Behalf-Of. Ghala lisiloruhusu uwakilishi hujibu kwa namba 412. Lisipomjua mwenye waraka, 403. Aliyekosea neno la siri hupata 401. Katibu azijuaye namba hizi hatapoteza siku nzima akiulaumu mtandao.

Ieleweke kwamba mwenye waraka haulizwi neno lolote. Anayeaminiwa ni karani. Kwa hiyo ghala liwe na orodha ya wenye idhini ya kuwakilisha, na majina yote mawili yaandikwe katika kumbukumbu. Ofisi inayogawana neno moja la siri humwachia mkaguzi nyaraka mia zenye jina moja, na likitokea badiliko katika hesabu za wanachama, hakuna wa kuulizwa.