Jokofu linalopoza chanjo kwa moto

Muuguzi akikupaka spiriti kabla ya sindano, ngozi huhisi baridi papo hapo, kwa sababu spiriti inapogeuka mvuke huondoka na joto la mwili. Kanuni hiyo ndiyo inayopoza majokofu mengi. Kazi kubwa ni kuurudisha mvuke uwe kimiminika tena. Jokofu la kawaida la umeme hutumia kompresa. Lile la mafuta ya taa au gesi, lililotunza chanjo kwa miaka mingi katika zahanati zisizo na umeme, hutumia moto.

Ndani ya mabomba yake yaliyozibwa kabisa mna maji, amonia na haidrojeni. Amonia huyeyuka kwa wingi katika maji ya baridi, na maji yakipata moto huyakimbia. Utambi unapowaka chini, amonia hutoka ikiwa mvuke, hupanda hadi mabomba ya nyuma, hupoa na kuwa kimiminika, kisha huteremka kwenye sehemu ya kugandishia. Huko hukutana na haidrojeni, na hapa ndipo ulipo ustadi wenyewe. Haidrojeni hubeba sehemu kubwa ya shinikizo, hivyo amonia hubaki na shinikizo dogo na kugeuka mvuke hata kwenye baridi kali, ikinyonya joto la ndani. Baadaye maji huifyonza amonia upya. Hakuna kompresa wala mota. Mfumo huu ulibuniwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters.

Ni ubunifu wa kuheshimika, lakini chanjo zinadai zaidi. Nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na moto wa utambi ni mgumu kuudhibiti. Masizi yakijaa, ubaridi hupungua. Moto ukizidi mahitaji usiku wa baridi, chanjo huweza kuganda. Chanjo ya pepopunda au ya homa ya ini B ikishaganda imeharibika, hata kama ikiyeyuka itaonekana nzima. Kwa hiyo majokofu ya umemejua, yasiyotumia moto, yanastahili kuchukua nafasi hiyo.

Pale ambapo la moto bado linatumika, wahudumu, lisimamisheni wima pasipo kuinama, safisheni utambi, na someni kipimajoto asubuhi na jioni, hata siku za mapumziko. Chupa mnayoshuku iliganda msimpe mtoto. Itengeni na mtoe taarifa kwa mratibu wa chanjo wa wilaya.