Rap, unyago na heshima ya msichana Mtwara

MJADALA kuhusu namna mwanamke anavyochorwa katika muziki wa rap nchini umeendeshwa kwa miaka mingi kana kwamba tatizo lake ni matusi pekee. Mkoani Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na Kilambo, karibu na mdomo wa Mto Ruvuma, hoja hiyo haitoshi, kwani huko maneno yanayohusu mwili wa mwanamke hayakuletwa na redio.

Miongoni mwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, msichana hupelekwa unyagoni, ambako makungwi humfunda kwa ngoma na nyimbo ambazo, zikiimbwa hadharani, zingeitwa chafu. Hata hivyo, maneno hayo yana mipaka yake. Msemaji ni mwanamke, msikilizaji ni mwanamke, na lengo ni kumwandaa mwali kwa utu uzima.

Rap imevunja mpangilio huo. Tangu miaka ya 1990, Mr II na wenzake walipoufanya muziki huo kuwa wa Kiswahili, anayezungumza mara nyingi ni kijana wa kiume, akiwaeleza vijana wenzake juu ya mwanamke ambaye hajapewa nafasi ya kujibu. Mama mzazi husifiwa kwa machozi. Mpenzi huitwa “demu” na hutuhumiwa kwa kuchuna mabuzi, yaani kuwanyonya wanaume fedha. Ni ajabu kwamba mtu huyohuyo huwa wa kwanza akishazaa, na wa pili kabla hajazaa.

Si haki kuulaumu muziki wote. Wimbo “Starehe” wa Ferooz ulimfanya mwanamume mwenyewe asimulie jinsi anasa zilivyomfikisha kwenye UKIMWI. Aidha, mwanzoni mwa miaka ya 2000 Zay B na Sister P walishika kipaza sauti wenyewe, naye Witness alikuwa mmoja wa washindi watatu wa shindano la Coca-Cola Popstars mwaka 2004, waliounda kundi la Wakilisha. Lakini idadi ya wanawake wanaochana ilibaki ndogo ikilinganishwa na ya wanaume.

Vyombo vya dola navyo vimeingilia kati. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku “Chura” wa Snura, na mwaka 2019 Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) lilimfungia Rosa Ree kwa miezi sita kutokana na video ya “Vitamin U”. Wanaume pia wameadhibiwa, akiwamo Roma Mkatoliki mwaka 2018. Katika mifano hiyo kilichopimwa ni maadili: miondoko, mavazi au lugha ya ngono. Wimbo unaodai kwamba kila msichana ana bei, ukisemwa kwa maneno laini, hupita bila kuguswa. Na huo ndio wenye sumu zaidi.

Athari zake kwa vijana si rahisi kupimwa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au walikuwa wajawazito. Ule wa 2022 ulionyesha asilimia 22. Kiwango kilishuka wakati nyimbo zikizidi kuenea kupitia simu, hivyo anayedai kuwa rap ndiyo inayowapa mimba wanafunzi hana takwimu za kumsaidia. Athari iliyo karibu zaidi ni ya lugha: jina ambalo mvulana wa kidato cha pili humwita mwenzake wa kike.

Jambo hilo lilipata uzito mpya Novemba 2021, Serikali iliporuhusu wasichana waliojifungua kurejea katika shule za kawaida. Sheria inaweza kumfungulia geti, lakini darasani anawakuta wenzake waliokwisha kupewa na nyimbo jina la kumwita.

Ndipo pengo la malezi linapoonekana. Msichana wa Mtwara bado ana kungwi. Kaka yake, zamani, alikaa jandoni akifundwa na wazee namna ya kuishi na mke, pamoja na wakwe, katika jamii ambamo ukoo wa Kimakonde hufuata upande wa mama. Kwa familia nyingi za mjini, tohara sasa hufanywa hospitalini, na kijana hurudi nyumbani siku hiyohiyo, akiwa na kidonda, dawa na simu yenye nyimbo.